Samatta alipokwenda ilikotoka shaba

Simama kwenye mizani ya Wenda, Iringa, au pale Mpemba karibu na Tunduma, uhesabu malori yanayoteremka na shaba ya Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeizoea barabara hii kwa upande huo mmoja. Kila chetu kinashuka pwani: viazi vya Uporoto, mchele wa Kyela, mbao za Mafinga, na wachezaji. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, ndiyo kwanza wamepanda daraja. Sekilojo Chambua, aliyechipukia klabu hiyohiyo, alikuja kupata jina kubwa Jangwani akiwa na Yanga.

Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alikwenda kinyume. Alipanda ndege, bila shaka, lakini alielekea kulekule yanakorudi malori: Lubumbashi.

Samatta alizaliwa Desemba 1992 jijini Dar es Salaam, akapita African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Ligi ya Mabingwa Afrika iliikutanisha Simba na TP Mazembe, klabu iliyokuwa imetwaa kombe hilo mwaka 2009 na 2010, na iliyofika hadi fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Simba ilifungwa. Mazembe, kwa kuona jinsi yule kijana alivyowasumbua mabeki wao, wakamnunua. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye alitua hukohuko.

Hapa ndipo simulizi nyingi za Samatta zinapokimbia mno. Zinataja Lubumbashi kwa sentensi moja, kama kituo cha basi cha kuchimba dawa, kisha zinakwenda Ulaya. Kwa maoni yangu, mshambuliaji yule alitengenezwa Katanga. Mwenye klabu, Moïse Katumbi, alikuwa tajiri wa migodi na gavana wa jimbo. Fedha zilikuwapo, uwanja wa klabu ulikuwapo, na kila mwaka kulikuwa na mechi nzito za Afrika. Tena mitaani watu wanazungumza Kiswahili. Si hiki chetu, maana wa Tunduma wanaoshinda na madereva wa Kongo wanajua kinavyopinda, lakini kijana wa miaka kumi na minane hakuhitaji mkalimani ili kununua mkate.

Matunda yalionekana mwaka 2015. Mazembe waliifunga USM Alger nyumbani na ugenini katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, Samatta akafunga kwenye mechi zote mbili na kumaliza na mabao 7, kinara wa mashindano akilingana na Bakri Al-Madina wa El-Merrikh. Siku chache baadaye aliifungia Taifa Stars dhidi ya Algeria, 2-2 jijini Dar es Salaam. Marudiano kule Blida tulipigwa 7-0, na mpaka leo wapo wasiotaka kulizungumza. Lakini Januari 2016, mjini Abuja, Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akimpita kipa wa timu yake mwenyewe, Robert Kidiaba. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Mwezi huohuo akaenda Genk, Ubelgiji. Mei 2019 wakawa mabingwa, naye akafunga mabao zaidi ya 20 katika ligi msimu huo. Novemba mwaka huo aliruka juu ya mabeki wa Liverpool pale Anfield, akasawazisha kwa kichwa. Genk walifungwa 2-1, ila kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa na Kihesa ni nani aliyejali matokeo?

Uingereza haikumkalisha. Aston Villa walimchukua Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya huko. Akafunga ugenini kwa Bournemouth, kisha akaifunga Manchester City kwa kichwa cha kujitupa katika fainali ya Kombe la Ligi, Wembley. Mechi zote mbili Villa walipoteza. Mechi 14 za ligi, bao 1, na Septemba alikuwa Fenerbahçe. Baadaye Antwerp, Genk tena, ubingwa wa Ugiriki na PAOK mwaka 2024, na mwaka 2025 Le Havre ya Ufaransa.

Akiwa nahodha, aliiongoza Stars kwenye Afcon ya 2019 nchini Misri, ya kwanza kwetu tangu Lagos 1980. Tulifungwa mechi zote tatu. Dhidi ya Kenya yeye na Simon Msuva walifunga, tukaongoza mara mbili, tukalala 3-2.

Mwaka huohuo Iringa nayo ilikuwa na ndoto zake. Lipuli, Wanapaluhengo, waliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda kucheza fainali Lindi na kufungwa 1-0 na Azam. Mwaka uliofuata wakashuka daraja, na wachezaji wakatawanyika. Mshambuliaji wao Paul Nonga alikuwa tayari ameshapita Mbeya City na Yanga. Sijasikia kwamba kuna aliyepanda kwenda Lubumbashi.