Berlin Machoni pa Mgeni Kutoka Afrika Mashariki

Mtume Paulo, alipokuwa akiwangoja Sila na Timotheo huko Athene, hakujifungia nyumbani. Aliuzunguka mji, akazitazama madhabahu zake, ndipo akanena (Mdo 17). Twaanza na habari hiyo kwa sababu baadhi ya wachungaji na wanafunzi wa Usambara hualikwa Ujerumani na sharika rafiki, na wafikapo Berlin hutembezwa kando ya mto Spree. Huonyeshwa Kanisa Kuu lililozinduliwa mwaka 1905, na majumba ya makumbusho katika kisiwa cha mto huo, ambayo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1830. Hupiga picha, hushukuru, hurudi. Makala hii yauliza: je, tumeona nini?

Sisi wa Usambara si wageni kabisa katika mji huo. Chama cha Misheni ya Kiinjili kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kiliundwa Berlin mwaka 1886, na miongoni mwa waliohusika alikuwamo Carl Peters, yule yule aliyepita Usagara mwaka 1884 akiwatilisha machifu alama kwenye mikataba. Mwaka 1890 Friedrich von Bodelschwingh aliingia katika uongozi wa chama. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo, wakajifunza Kisambaa. Mwaka 1906 makao yalihamishiwa Bethel, karibu na Bielefeld. Ndiyo maana jina la Bethel twalikumbuka, na Berlin tumeisahau.

Lakini wako waliotutangulia kuutazama mji huo. Carl Büttner, aliyekuwa msimamizi wa chama hicho cha misheni, baadaye alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1887. Huko alifanya kazi pamoja na Amur bin Nasur, mtu wa Unguja. Katika mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili uliotolewa kwa jina la Büttner mwaka 1894, Amur aliandika habari za maisha yake na za kukaa kwake Berlin. Basi mji huo ulielezwa kwa Kiswahili hata kabla ya reli ya Tanga kufika Mombo mwaka 1905.

Miaka miwili baada ya mkusanyo huo mambo yaligeuka. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow iliyo kando ya Spree, yalifanyika maonyesho ya makoloni. Watu zaidi ya 100 waliletwa kutoka makoloni, wakiwamo wa Afrika Mashariki, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Aliyekuwa mtazamaji akafanywa kitu cha kutazamwa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyaonja yote mawili. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilitoka mwaka 1903. Mwaka uliofuata alimwoa mwanamke Mjerumani. Walipokuja Afrika Mashariki mwaka 1905, serikali ya kikoloni ilikataa asiteremke na mkewe. Walirudi Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Yeye aliyewafundisha Wajerumani lugha yetu alizuiwa kukanyaga nchi yake pamoja na mke wake wa ndoa.

Je, tuwasute wenyeji wetu? Hasha. Wao wenyewe wameanza kuihoji historia yao. Ukingo mmoja wa Spree uliopewa jina la von der Gröben, aliyejenga ngome ya biashara ya watumwa huko Ghana, tangu mwaka 2010 waitwa kwa jina la mshairi May Ayim. Na mwaka 2021 barabara ya Wissmann ilipewa jina la Lucy Lameck, mama yetu wa Kilimanjaro.

Yatupasa basi kutazama kama Paulo. Tukiisha kusali katika Kanisa Kuu, tuombe kupelekwa pia Treptow, na Wilhelmstraße, mahali ambapo mkutano wa 1884 hadi 1885 uliamua mambo ya Afrika pasipo Mwafrika mezani. Injili iliyofika Mlalo ni hazina, nasi hatuikani. Lakini ilibebwa katika chombo cha udongo, na chombo hicho kilifinyangwa Berlin. Mchungaji asiyeweza kuvitofautisha hivyo viwili atawafundisha Wakristo wake ama kuuabudu udongo, ama kuitupa hazina.