Kizuizini Kajiado

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa barabara iendayo Namanga utapita Athi River, kisha Kitengela, na baada ya mwendo usio mrefu utafika Kajiado. Kitengela siku hizi ni mji wa nyumba za ghorofa, maduka na kelele za magari, ingawa wazee wake wanaukumbuka kuwa mbuga ya malisho ambamo ng'ombe na nyumbu walipishana. Kajiado ni mji wa zamani zaidi. Umekaa juu ya njia ya reli iendayo Magadi, na jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Wasafiri wengi hupita hapo wakiwaza mpaka wa Tanzania tu. Nakuomba usimame kidogo, maana katika nchi hii sheria ya kumzuia mtu pasipo kumhukumu ina historia ambayo haifai kusahauliwa.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mfungwa ni mtu aliyeshtakiwa, akasikilizwa, akaonekana na hatia, akapewa kifungo chenye hesabu. Mtu wa kizuizini hakushtakiwa kosa lolote. Amezuiliwa kwa sababu mwenye mamlaka anahofu juu ya jambo ambalo pengine atalifanya. Mfungwa huhesabu siku zilizobaki. Mtu wa kizuizini huhesabu siku zilizopita, kwa kuwa hana nyingine za kuhesabu.

Mahakama na wenyeji wa nchi hii walikutana katika kesi kubwa mwaka 1913. Kwa mikataba ya mwaka 1904 na mwaka 1911 Wamaasai walikuwa wameondolewa katika Bonde la Ufa, kisha Laikipia, wakasongezwa kusini, katika eneo ambalo Kajiado ni sehemu yake. Baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, waliishtaki serikali. Jibu la mahakama lilikuwa la ajabu. Lilisema kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, bali ni taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wake. Na kwa kuwa mapatano kati ya dola na dola si kazi ya mahakama, kesi yao haiwezi kusikilizwa. Mtu aliyezaliwa hapo, na babu yake akazaliwa hapo, aliambiwa kuwa ni mgeni mbele ya sheria, lakini mgeni anayetakiwa kutii kila amri. Baada ya hapo kikaja kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Mwafrika mwanamume akalazimika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake ili aende kutafuta kazi katika nchi yake mwenyewe.

Sasa tufike mwaka 1952. Tarehe 20 Oktoba Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari, na usiku huohuo polisi walibisha milango ya watu wengi waliokuwa viongozi wa chama cha Kenya African Union, wa vyama vya wafanyakazi, na waandishi wa magazeti ya Kiafrika. Jomo Kenyatta na wenzake watano walitengwa na kupelekwa Kapenguria ili washtakiwe. Wengine wengi hawakushtakiwa popote. Miongoni mwao alikuwamo Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapaji wa vitabu vya Kikikuyu, ambaye kambi yake ya kwanza ilikuwa hapa Kajiado.

Kwa nini Kajiado? Ukiitazama ramani utafahamu. Mahali hapa palikuwa karibu na Nairobi kwa reli, lakini palikuwa ndani ya eneo la Wamaasai ambako mgeni hakuruhusiwa kuingia ovyo. Mtoro angeonekana mara moja katika mbuga ile. Ila hata Kajiado palionekana karibu mno. Gakaara alihamishiwa Takwa, katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Takwa ni gofu la mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Huko, kati ya mikoko na kuta za msikiti usiokuwa na waumini, watu wa milimani waliwekwa miaka bila kujua watarudi lini. Gakaara aliandika habari za siku zake kwa siri, na maandishi hayo yakatoka kuwa kitabu mwaka 1983, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, kilichopata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Bila mtu huyo mkaidi wa kalamu tungejua machache mno.

Je, sheria ilisemaje? Chanzo chake kilikuwa amri ya Uingereza ya mwaka 1939 juu ya mamlaka ya dharura katika makoloni. Chini yake Gavana alitunga kanuni, na moja ikampa uwezo wa kumzuia mtu yeyote akiridhika kwamba usalama wa watu wahitaji hivyo. Tazama neno hilo, akiridhika. Hakutakiwa kuthibitisha, ilitosha aridhike. Aliyezuiliwa aliweza kupeleka malalamiko yake kwa kamati, lakini kazi ya kamati ilikuwa kushauri tu. Baadaye uwezo wa kutia sahihi hati za kizuizi ukateremshwa kwa maofisa wa chini, na hapo mlango ukafunguka wazi. Katika msako wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954 maelfu kwa maelfu walichukuliwa kwa siku chache, na mwishoni mwa mwaka huo hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha watu wapatao 70,000 katika makambi. Wanahistoria wengine huona kuwa waliopita humo kwa miaka yote walikuwa wengi kuliko serikali ilivyokiri. Uingereza ilikuwa imeueneza hadi Kenya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu mwaka 1953. Mwaka 1954 ikatoa taarifa kwamba haitaufuata kikamilifu.

Ng'ambo ya Kitengela, pale Athi River, palikuwa na kambi ya namna nyingine. Hapo wakuu walitaka kuugeuza moyo wa mtu kwa mahubiri, mafunzo na vipaza sauti, wakisaidiwa na watu wa chama kilichoitwa Moral Re-Armament. Gakaara naye alipita humo. Watu walipangwa kwa rangi: weupe waliokaribia kuachiliwa, wa kijivu wa katikati, na weusi waliokataa kukiri. Kukiri ndiko kulikokuwa ufunguo, na pahali penye ufunguo wa namna hiyo kipigo hakikai mbali. Tarehe 3 Machi 1959 huko Hola, kando ya mto Tana, watu 11 waliuawa kwa kupigwa walipokataa kazi. Taarifa ya kwanza ikasema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulisaidia kuyafunga makambi. Hali ya hatari ikakoma Januari 1960, na Uingereza ikakubali mwaka 2013 kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9.

Laiti habari ingeishia hapo. Mmoja wa watu sita wa Kapenguria alikuwa Ramogi Achieng' Oneko. Hukumu yake ilitenguliwa katika rufani mwaka 1954, alikuwa ameshinda. Lakini hakwenda nyumbani, kwa sababu hati ya kizuizi ilikuwa tayari, na ushindi wa mahakamani haukuwa na nguvu juu yake. Baada ya uhuru aliingia katika baraza la mawaziri. Mwaka 1966 Bunge likarudisha uwezo wa kuzuia watu bila hukumu, na mwaka 1969 Oneko akazuiliwa tena hadi mwaka 1975, mara hii na serikali ya Kenyatta, aliyekaa naye kizimbani Kapenguria. Mwaka huohuo wa 1975 mwili wa J. M. Kariuki, aliyekuwa mtu wa kizuizini zamani za hali ya hatari na aliyeandika kitabu juu ya makambi hayo, ulionekana katika vilima vya Ngong, ndani ya Kajiado, akiwa ameuawa. Sheria ya kizuizi iliondolewa mwaka 1997. Katiba ya mwaka 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umekwisha nje ya saa za kazi. Nayo inasema kwamba haki ya kumtaka mkuu amtoe mtu hadharani haiwezi kupunguzwa kamwe.

Tarehe 19 Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana juu ya mswada wa fedha, wanaume watatu, wawili kati yao ndugu, walichukuliwa Kitengela na watu wasiojitambulisha. Hapakuwa na hati ya Gavana wala ya waziri. Polisi walisema hawanao. Jaji Lawrence Mugambi alimwita mkuu wa polisi wa wakati huo, Gilbert Masengeli, aje aeleze. Hakuja. Alipoitwa tena na tena pasipo kuja, jaji alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, hukumu ambayo baadaye iliondolewa. Tarehe 20 Septemba, baada ya siku 32, watu wale watatu waliachwa gizani upande wa Kiambu, wakatafuta njia ya kurudi kwao.