Chupa Zilizosomesha Asili ya Uhai

Tangu zama za Aristotle, maulamaa wa Ulaya waliitakidi ya kuwa vidudu huzuka vyenyewe katika uozo, na itikadi hiyo ikarithiwa kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 1668 Francesco Redi, tabibu wa Florence, alipotia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kitambaa chepesi, ikadhihirika kwamba mabuu hutokana na mayai ya nzi. Naye Louis Pasteur, kwa chupa zake zenye shingo ndefu iliyopindwa, alithibitisha ya kuwa hata vijidudu visivyoonekana kwa macho havizuki hivi hivi, akatunukiwa na Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1862.

Ushindi huo ulizaa swali zito zaidi: ikiwa kilicho hai hutoka kwa kilicho hai, cha kwanza kilitoka wapi? Oparin wa Urusi mwaka 1924, na Haldane wa Uingereza mwaka 1929, walidhani kuwa hewa na bahari za dunia changa ziliumba malighafi ya uhai. Lakini dhana bila ya jaribio haina hoja.

Aliyeijaribu ni kijana wa miaka 22, Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alichanganya metani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji katika chupa za kioo, akapitisha cheche za umeme badala ya radi. Siku ya kwanza maji yakageuka rangi ya waridi, na juma lilipotimia yalikuwa mekundu sana, ndani yake mna asidi amino, ambazo ndizo viungo vya protini. Habari ilipochapishwa mwezi wa Mei 1953, Urey, ambaye alikwisha pata tuzo ya Nobel, alikataa jina lake lisiandikwe, kusudi sifa isimpotee mwanafunzi wake; na mimi sijui adabu ya ualimu iliyo bora kuliko hiyo.

Wataalamu wa baadaye walitilia shaka kama hewa ya kale ilikuwa kweli na gesi hizo. Lakini kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na asidi amino za namna hiyo hiyo, ikabainika kwamba kemia hiyo si ya dunia yetu peke yake. Na mwaka 2008 vichupa vilivyobaki vya Miller vilipopimwa upya, vilionekana kuwa na aina nyingi za asidi amino kuliko alizozitaja mwenyewe.

Kisa hiki hukaririshwa shuleni kama orodha ya majina ya gesi, hali ya kuwa ni tarehe ya watu waliouliza wakajibiwa na vyombo walivyovitengeneza kwa mikono yao. Basi, mwalimu, ikiwa shule yako haina maabara, anza na Redi: nyama kidogo, vyombo viwili na kitambaa vyatosha, na wanafunzi wako wayaone mabuu wenyewe kabla ya kulisikia jawabu kutoka kwako.