Turubai za Benaco

Wadau wa ghorofani Dar, mnaomaliza Luku kwa kiyoyozi kwa sababu ya kuta nyembamba na vioo, someni ya Ngara. Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda walianza kumiminika kupitia daraja la Rusumo, zaidi ya laki moja ndani ya siku moja hivi. Benaco (jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara!) ikageuka mji wa turubai za plastiki. Nyumba ya nyasi ya Wahangaza hushika hewa katikati ya nyasi, joto likabaki ndani. Plastiki haishiki kitu, na usiku wa Ngara una baridi. Mpaka wanarudishwa kwao Desemba 1996, vilima vilikuwa vipara. Lawama nyingi zilitupiwa sufuria. Mimi naongeza turubai.