Kamera za Wapiga Picha wa Mjini na Kariakoo

Mpiga picha mkongwe wa Dar es Salaam, ukimuuliza kuhusu kamera yake ya kwanza, aghalabu hakwambii mwaka. Anakutajia jina: Yashica, Zenit, Pentax. Kila jina lina zama zake, na ukiyapanga unaipata tarehe ya kazi hii.

Waliotangulia walipiga kwa mabamba ya vioo. Unguja ilikuwa na studio za Wagoa, kama ile ya A.C. Gomes, tangu karne ya 19. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na C. Vincenti, aliyetoa kadi za posta za mji huu, na Walther Dobbertin, aliyefika 1903 na kuwapiga picha askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hadi alipotekwa 1916. Picha za Dobbertin leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Makamanda wana majina. Askari na wapagazi wengi hawana.

Kamera ya sanduku ndiyo iliyoitoa kazi hii mikononi mwa wachache. Kodak iliitoa Brownie mwaka 1900 kwa dola moja, na kamera za ukoo huo zikaenea dunia nzima. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie akiwa mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapa hapa mjini, na Januari 1964 alikuwa Unguja akipiga picha za Mapinduzi. Kamera ya namna ile, ikitumia filamu ya 120, ilitoa picha 8 tu, kwa hiyo mpigaji alijifunza mapema kusubiri.

Studio zilifanya kazi kwa kamera za lenzi mbili: Rolleiflex kwa mwenye uwezo, Yashica kwa aliyejibana. Filamu moja, picha 12. Mpigaji aliinama akachungulia kioo cha juu, ambamo kulia kwa mteja kulionekana kushoto, na mazoea tu ndiyo yaliyomwezesha kumwelekeza mtu asogee upande gani. Siku ya Idi watu walitoka Mnazi Mmoja na nguo mpya wakaingia studio, wakasimama mbele ya pazia.

Kazi hasa ilikuja baadaye, katika chumba cha giza. Taa nyekundu, beseni la dawa ya kutoa sura, beseni la kuisimamisha, beseni la kuidumisha, kisha maji, kisha kamba ya kuanikia. Uso ulioelekea kutoka mweusi mno mpigaji aliukinga kwa kiganja, mwanga wa mashine ya kukuzia usiuchome zaidi. Kiganja kile ndicho kilichokuwa ufundi wenyewe. Wateja waliona kamera wakadhani wameona kila kitu.

Baada ya vita vya Kagera, 1978–79, fedha za kigeni zilikauka, na filamu, karatasi na dawa vyote vilitoka nje. Hali ililegea kidogo kidogo baada ya 1984, serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kamera za milimita 35 zikazagaa, filamu ya picha 36, na pamoja nazo rangi.

Wengi husema dijitali ndiyo iliyoivunja kazi hii. Mimi nasema ni rangi. Filamu ya rangi inataka dawa yenye joto la karibu nyuzi 38 lisiloyumba, jambo gumu katika chumba kidogo cha Kariakoo. Mpiga picha akafunga chumba cha giza, akawa mtu wa kupeleka filamu kwenye mashine ya mwingine na kurudi kesho kuchukua bahasha. Tena vipimo vya rangi viwandani viliwekwa kwa kadi za Shirley za Kodak, zenye sura ya mwanamke mzungu. Uso wa mteja wetu ulitoka giza, na kiganja cha kuukinga hakikuwa na nafasi tena.

Dijitali, kinyume chake, ilimrudishia mpigaji sehemu ya mamlaka ya kiganja kile: alikaa mbele ya kompyuta akaurekebisha uso mwenyewe. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alifungua blogu yake 2005, na picha ya mchana ikaonwa na Watanzania wa ng'ambo kabla ya gazeti la kesho. Halafu simu, zinazouzwa kwa wingi Mtaa wa Aggrey, zikachukua Idi, ubatizo na mahafali. Waliosalia wanaishi kwa harusi, sendofu na picha za pasipoti.

Lenzi za zamani zimeota kuvu kwa unyevu wa pwani, na hilo nalivumilia. Linaloniuma ni negativu. Studio ikifungwa, masanduku huonekana takataka, ilhali negativu ya nyeusi na nyeupe, iliyooshwa vizuri, hudumu kuliko picha ya rangi ya miaka ya tisini inayofifia katika albamu yako. Kama mzee wako alikuwa mpiga picha, usitupe sanduku lake. Weka pakavu, mbali na jua, na umkalishe yeye au jirani yake akutajie watu waliomo. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli.