Motokaa Zetu, Toka Mombasa Hadi Tooting

Katika vitabu vyetu vya miaka iliyopita yameandikwa mengi juu ya nyumba tulizoziacha, na maduka, na shule. Juu ya motokaa hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja, na hali ukikaa na wazee wetu robo saa tu utawasikia wamekwisha fika huko: fulani alikuwa na Peugeot, fulani alikuwa na Volkswagen, na gari la fulani lilipanda kilima cha Mazeras na watu tisa ndani. Basi nimeona niiandike habari hii wakati wenye kuikumbuka bado wapo wa kunisahihisha.

Kwanza jina. Sisi wa Mombasa tulisema motokaa. Jamaa wa Kampala walisema motoka, wakifuata Kiganda. Wa Unguja kwao lilikuwa gari tu, na wakisema gari la shamba walikuwa na maana ya lile basi la mbao lililoundwa na maseremala juu ya chesi ya lori, likileta mjini watu, kuku na mikungu ya ndizi. Humu nitayachanganya majina yote, kama tunavyoyachanganya majumbani.

Gari lililovuka mpaka lilibandikwa nyuma kibao chenye umbo la yai: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika, EAZ kwa Unguja. Sisi watoto tulikaa barazani tukishindana kuvihesabu. EAZ ilikuwa adimu mno, kwani gari la Unguja lazima livuke bahari kwanza, na aliyeiona moja alihesabiwa kumi.

Ukiuliza ni gari gani watu walilipenda kuliko yote, jawabu katika ukoo wetu ni moja: Peugeot 404. Lilitoka mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, lakini huo uzuri wa umbo haukuwa sababu. Sababu ni kwamba lilikuwa juu, springi zake laini, na gia yake ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo mbele waliweza kukaa watu watatu bila mtu kukanyagana na dereva. Tena lilikuwako lile refu lenye safu tatu za viti, ambalo kwa familia zetu lilikuwa kama limepimwa na fundi cherehani. Barabara ya Nairobi ni kilomita karibu 480, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi jekundu. Bibi aliwekwa kati, biriani chini ya miguu yake, na tulipofika Voi sote tulikuwa rangi moja.

Volkswagen lile la mgongo wa kobe lilikuwa na watu wake pia. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina radieta, na hivyo mwenye Volkswagen aliwapita kwa madaha wenzake waliosimama Mtito Andei na boneti wazi wakingoja maji yapoe. Walikuwa watu wa majivuno kidogo, nisamehewe na binamu zangu.

Lakini waliotufundisha kupenda magari ni Safari. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakawa yanafanywa wakati wa Pasaka, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilomita 5,000 za matope na vumbi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland wa Tanzania, naye kwa 404. Baba zetu hawakuwa na haja ya tangazo la biashara lililo bora kuliko hilo. Na mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda katika Volvo iliyokwisha tumika na wengine. Habari hiyo ya gari kuukuu ilitufurahisha kuliko ushindi wenyewe, maana sote tuliendesha magari makuukuu.

Sasa kuhama. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wenye pasi za Kiingereza walioko Afrika Mashariki, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi, na wiki zile za mwisho watu waliuza walichoweza kuuza. Baba yangu aliuza gari kwa bei ya mashine ya kushonea. Nilikuwa na miaka 13. Hata hivyo sisi tulipata kuuza. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda kwamba wataondoka, wakapewa siku 90, na fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa pauni 50 na kidogo. Ami yangu aliendesha 404 yake mwenyewe mpaka Entebbe, akapita vizuizi vya askari kimoja baada ya kimoja, akampa ufunguo jirani yake Mganda aliyemsindikiza. Hakupata kujua gari lile liliishia wapi. Watu kama 28,000 walikuja Uingereza mwaka ule, na sidhani palikuwa na familia iliyokuja na gari.

Tooting tuliyoikuta ilijengwa na tramu, si na motokaa. Tramu ya kwanza ya umeme ya Baraza la London ilianza tarehe 15 Mei 1903 kutoka Westminster mpaka hapa, na mwaka 1926 vikafunguliwa vituo vya treni ya chini kwa chini vya Tooting Broadway na Tooting Bec. Nyumba zilizoko nyuma ya Mitcham Road na Upper Tooting Road nyingi ni za zama hizo, zimeshikana bega kwa bega, hazina gereji wala pa kuweka hata baiskeli. Mtu angeweza kusema hapa gari halihitajiwi. Alinena hivyo ami yangu kila siku. Alipanda basi, na mtu akimtajia kununua gari alitoka chumbani.

Lakini gari lilihitajiwa. Waliofanya kazi za usiku walirudi saa ambazo treni haziendi. Jamaa zetu wengi wa Kampala walikwenda kukaa Leicester, na kuwatembelea kwa treni na watoto watano ni mshahara wa wiki. Palikuwa na magunia ya mchele. Palikuwa na wazee waliougua kwa baridi. Kwa hivyo mwaka 1971 nyumba nne za ukoo wetu zilichangishana zikanunua Ford Cortina moja, rangi ya maziwa, iliyokuwa na mwaka wa sita. Zamu ziliandikwa katika daftari la shule, nalo ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono wa baba: maziko kwanza, hospitali pili, arusi tatu, kazi nne, matembezi mwisho. Mtu mwenye zamu ya matembezi alitoa ufunguo bila neno mlango ukigongwa kwa ajili ya maziko. Magomvi yalikuwepo, ya petroli zaidi, lakini juu ya utaratibu ule hayakuwepo.

Cortina lilipendwa kwa sababu ya kawaida sana. Lilikuwa ndilo gari lililouzwa kuliko yote Uingereza karibu kila mwaka tangu 1972 mpaka 1981, likiundwa Dagenham, na kwa hiyo spea zake zilipatikana katika kila uwanja wa magari mabovu. Jumapili ungeona miguu ya watu watatu ikitokeza chini ya gari, kadibodi imetandikwa njiani, na wa nne amesimama akiwaelekeza, ambaye kwa kawaida hakujua kitu.

Kisha yakaja ya Kijapani. Datsun ziliingia Uingereza mwaka 1968, na majirani zetu Waingereza walizicheka. Sisi hatukucheka, kwani tulikuwa tumeziona zikishinda Safari mwaka 1970 na 1971. Ziliwaka asubuhi ya theluji, na redio ilikuwa imo ndani ya bei, hali kwenye gari la Kiingereza mara nyingi uliilipia mbali. Ubaya wake ulikuwa kutu, ingawa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ilikula magari yote ya miaka ile bila kubagua taifa.

Pasaka ya 1973 ilikuja habari kwamba Safari imeshindwa na Shekhar Mehta katika Datsun 240Z. Alifungana pointi na Harry Källström wa Sweden, naye pia katika Datsun, ikabidi kutafutwa njia ya kuamua, na akapewa Mehta. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na watu wake walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, miezi mitano tu nyuma. Ami yangu alilikata gazeti akalibandika jikoni. Mwaka uliofuata alinunua Datsun Sunny, akaliendesha miaka tisa. Aliliosha kila Ijumaa, hata mvua ikinyesha. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na kila mara ami alitembea Upper Tooting Road kana kwamba yeye ndiye aliyekaa pembeni na ramani.

Ya baadaye nitayapita haraka, kwani mnayajua. Mwaka 1986 Nissan Bluebird zikaanza kuundwa Sunderland, na 1992 Toyota zikaanza kuundwa Burnaston, na watu wetu wengi waliokuwa madereva wa teksi za kuagiza kwa simu walizitumia, mpaka ilipokuja Prius mwaka 2000 na petroli yake ya kunusa. Dereva wa teksi haulizi gari lina sura gani. Huuliza litakula kiasi gani na litakaa gereji siku ngapi.

Tarehe 29 Agosti 2023 eneo la hewa safi, hili la ULEZ, lilipanuliwa likaifikia Tooting, na gari lisilotimiza kipimo likawa linalipiwa pauni 12.50 kwa siku. Aliyelipanua ni Meya Sadiq Khan, mtoto wa Tooting mwenyewe, na baba yake alikuwa dereva wa basi. Mimi si katika wanaomtukana. Mjukuu wangu anatembea na kidude cha pumu mfukoni, na Mitcham Road saa ya jioni naifahamu harufu yake. Lakini ukoo wetu ulikuwa na magari matatu marefu ya dizeli, yaliyonunuliwa zamani zile serikali ilipopunguza kodi ya magari ya namna hiyo, na ndiyo yaliyokuwa yakibeba wazee kwenda hospitali ya St George's na watu wa maziko kwenda Brookwood. Yote matatu yameuzwa. Kichekesho ni kwamba gari lililopita miaka 40 lenye cheti cha gari la kihistoria halilipi: Peugeot 404 ya ami, kama ingekuwa hai, ingepita Tooting Broadway bure.

Vijana wetu wengi hawana leseni na hawaitaki, bima kwao ni ghali kuliko gari. Mazishi ya mwezi Novemba yaliyopita tulipanga kwa simu, na kati ya watu 31 tulipata madereva watano, mdogo wao ana miaka 54. Nimelipeleka daftari la baba kwa mpwa wangu wa kike, ambaye amepata leseni mwaka huu, na ameanza kuandika zamu mpya kuanzia ukurasa ulioachwa wazi mwaka 1978.

Wenye picha za magari ya zamani, hasa zenye kibao cha EAZ, wanaombwa wazilete tuzinakili kwa kitabu cha mwakani. Zitarudishwa.