Barbera: waini iliyoua, waini iliyoheshimiwa

Wasee wengi wakiona chupa ya waini ya Italia imeandikwa jina la familia na la kilima, wanasema ni maringo ya matajiri. Mimi naona kitu kingine kabisa.

Turudi Machi 1986. Huko Milan na miji ya jirani, watu walianza kufikishwa hospitalini macho yakiwa yamepotea, wengine wakafa. Walikuwa wamekunywa waini ya bei ya chini, ile ya kuwekwa mezani kila siku, na nyingine ilikuwa imeuzwa kama Barbera ya Piemonte. Wafanyabiashara walikuwa wametia methanoli kuzidisha kilevi. Ushuru wake ulikuwa umeondolewa, kwa hivyo ilikuwa bei ya kutupa. Watu 23 walikufa, na mauzo ya waini nje ya nchi yakaporomoka kwa zaidi ya theluthi moja mwaka huo.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa methanoli ni nini. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Mukuru hapa Nairobi kwa pombe ya aina hiyo hiyo.

Sasa, mle mle Piemonte, kijiji cha Rocchetta Tanaro, kulikuwa na Giacomo Bologna. Kampuni yake ndogo ya familia inaitwa Braida, jina la utani ambalo baba yake alipewa kwenye mchezo wa mpira wa huko. Kabla ya balaa, kwa zabibu za mavuno ya 1982, aliichukua Barbera, waini iliyodharauliwa kama ya vibarua, akaikomaza kwenye mapipa madogo ya mwaloni. Akaiita Bricco dell'Uccellone. Bricco ni kilima. Uccellone, yaani ndege mkubwa, lilikuwa jina walilombandika mama mzee wa pale karibu aliyevaa nguo nyeusi kila siku. Vijiji ni vijiji tu, hata Ulaya!

Barbera ina uchachu mwingi na ukakasi kidogo, ndiyo maana inakata mafuta. Wenyeji huinywa na bollito misto, nyama za aina kadhaa zilizochemshwa, ama na bagna càuda: mboga unachovya kwenye mafuta ya moto yenye kitunguu saumu tele na samaki wadogo wa chumvi. Ni kazi ile ile kachumbari yenye ndimu hufanya kando ya mbuzi choma.

Baada ya vile vifo serikali ilikaza ukaguzi. Lakini kwa maoni yangu, kilichookoa Barbera ni wakulima wadogo walioacha kumuuzia dalali na kuanza kujaza chupa wenyewe, kwa jina lao. Sisi hapa tunapenda kumwaga mitungi mbele ya kamera, halafu wiki ijayo mambo ni yale yale, na aliyepika hajulikani.

Barbera d'Asti ilipandishwa hadi daraja la juu kabisa la Italia, DOCG, mwaka 2008. Bologna hakuiona siku hiyo, alifariki 1990. Watoto wake ndio walioshika usukani, na jina la utani la babu yao bado liko kwenye chupa.